Kizibo cha Shimo la Mwisho

Nilipokuwa narudisha funguo za banda la mashine, vijana mliniambia niwaachie maandishi, kwa sababu mambo mengi tunayofanya hayako katika kitabu chochote. Habari za mbolea, ukungu na maji nimeziandika kando, zimetundikwa ukutani. Hizi ni kumbukumbu. Sitaeleza nilivyopandishwa cheo. Nilipandishwa mara chache, na kila mara nilichoongezewa kilikuwa funguo.

Niliingia uwanja wa gofu kupitia lango la nyuma, nikiwa kibarua kutoka mtaa wa Kiandutu. Kabla ya hapo nilikuwa nimepalilia mananasi, kwa hiyo nyasi kwangu ilikuwa kitu cha kung'olewa. Nilipewa fyekeo nikaambiwa nifuate ua. Mchana nikaona mzee amepiga magoti katikati ya uwanja, macho amefumba, kiganja kimelala chini. Nikamuuliza mwenzangu, "Huyu mzee ameokoka?"

"Zii," akasema. "Huyo anasikiza shimo."

Huyo alikuwa Mzee Gathogo, mkuu wa grini. Kwa atakayesoma haya bila kuujua mchezo: grini ni kile kipande cha nyasi fupi kama zulia, chenye shimo na bendera, ambako mchezaji humalizia. Shimo haliachwi mahali pamoja. Wakati wa mashindano huhamishwa kila siku, ili nyasi zinazolizunguka zisife kwa kukanyagwa. Unachukua bomba la chuma lenye mikono miwili, unalizungusha ardhini, unatoa kipande cha udongo cha mviringo chenye nyasi zake juu. Hapo ndipo shimo jipya. Kile kipande unakipeleka kuziba shimo la jana, na sisi tunakiita kizibo.

Kukata shimo mtu hujifunza asubuhi moja. Kuziba ndiyo kazi. Kizibo kikikaa chini kidogo, mpira unadumbukia na kupoteza njia. Kikikaa juu kidogo, mpira unaruka, na kesho yake mashine inakichinja nyasi zote unabaki na duara la kahawia kama kidonda. Tofauti yenyewe huwa nyembamba kuliko ukucha. Mzee Gathogo hakuamini macho katika jambo hili.

"Fumba macho, Mwaura," aliniambia wiki niliyohamishiwa kwake. "Jicho litaona kivuli likubabaishe. Kiganja hakioni kivuli. Iko aje?"

"Nasikia iko sawa, mzee."

"Unasikia iko sawa, ama unataka iwe sawa ukakunywe chai?"

Nikakinyanyua tena. Siku hiyo sikunywa chai.

Shule niliachia kidato cha pili. Vitabu vya udongo na mimea nilivinunua Thika kwa wauza vitabu vya mitumba, vingine bila majalada, nikavisoma na kamusi pembeni. Nilipomwonyesha mzee kimoja aliuliza, "Kinasema grini inataka maji kiasi gani?" Nikamjibu kwamba kitabu kinasema inategemea. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Aliyeandika hicho amewahi kushika mpira wa maji."

Sasa niwaeleze desturi moja ya banda letu, kwa sababu yote yanayofuata yamesimama juu yake. Kwetu, mtu hakibonyezi kizibo cha mwenzake mbele ya aliyekiweka. Ukiona kimebaki juu, unangoja mwenyewe aende chai au aende kuoga, kisha unapita kama mtu anayetafuta kitu, unakirekebisha kwa soli ya kiatu, na hakuna anayesema neno. Hakuna aliyetufundisha hivyo kwa maneno. Tuliikuta. Kubonyeza kizibo cha mtu anakuona ilikuwa sawa na kumwambia mikono yake imekwisha.

Mtoto wa Mzee Gathogo, Kamau, alikulia ndani ya desturi hiyo. Alikuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa vifaa vya wachezaji, na kwa kuwabebea akajifunza kucheza kuliko wengi aliowabebea. Baadaye akawa mchezaji wa kulipwa. Neno "kulipwa" lisiwadanganye. Mchezaji wa kulipwa wa kwetu hufundisha wake wa mabwana kushika fimbo siku tano, na siku ya sita hucheza.

Kisha ubingwa mkubwa wa wazi ukaletwa uwanjani kwetu. Msimamizi wa uwanja alituita akatueleza kwamba watakuja wachezaji kutoka mabara yote, na kamera, na kwamba mtu asionekane na kofia ya chama cha siasa. Tulijiandaa kwa miezi. Tulikata grini kwa mashine za mkono, mistari imenyooka kama daftari la mtoto mwenye bidii.

Wachezaji walipofika niliwatazama kama fundi anavyotazama watu watakaokalia kiti chake. Mmoja kutoka kusini mwa Afrika alipiga magoti kwenye kila grini akaipapasa, nikampenda papo hapo. Mwingine alitembea na karatasi ya michoro, haangalii chini kabisa. Mrefu mmoja wa Ulaya alinisimamisha akauliza nyasi ya njia zetu, zile za kuelekea grini, inaitwaje. Nikamwambia inaitwa kikuyu, dunia nzima. Akauliza na watu wa hapa wanaitwaje. Nikamwambia. Alicheka sana, akaamini namtania.

Kamau alipata nafasi kwa njia ngumu, kwa mashindano ya kufuzu, akachukua ile ya mwisho. Alipokuja bandani kutuambia, Odush, rafiki yake wa Kiandutu ambaye angembebea mfuko, alitangulia mlangoni akipiga saluti.

"Simameni! Pro ameingia. Sasa pro, ukishinda utatukumbuka ama utaanza kuongea na pua?"

"Nikishinda nitakununulia viatu," Kamau akasema. "Hizo zako zinacheka."

Mzee Gathogo hakucheka. Alimsalimia mwanawe kwa mkono, kama mgeni wa heshima, akamuuliza kama amekula.

Mjue kilichokuwa mezani. Ubingwa huchezwa siku nne, kuanzia Alhamisi. Baada ya siku ya pili kuna mchujo: karibu nusu ya wachezaji hurudi nyumbani, wengine hubaki. Waandaaji wa mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika walikuwa wameahidi kwamba mchezaji yeyote wa hapa atakayepita mchujo atapewa nafasi ya kucheza kwao msimu mzima. Kamau alikuwa na mke na mtoto katika chumba cha kupanga Ruiru, na alikuwa amemwambia mkewe kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho wa kujaribu. Hakutaka kombe. Alitaka kupita Ijumaa.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo watatu tulilijua na msimamizi hakulijua. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumla Mzee Gathogo vidole. Nililigundua kwa kikombe cha bati. Alikishika kikitoka motoni, akakaa nacho, wakati sisi tulikuwa tunashikia vyetu kwa kofia.

"Mzee, hiyo haikuchomi?"

Alikiangalia kikombe, kisha akakiweka chini polepole. "Ni baridi ya asubuhi," akasema. Ilikuwa karibu saa sita.

Kamau ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki. Msimamizi angejua, angemhamishia langoni kufungulia magari, kwa nia njema kabisa. Kwa ubingwa, mzee aliomba grini moja tu, ya mwisho, ile ya mbele ya jengo kuu. Akapewa kwa heshima ya miaka yake.

Alfajiri ya Ijumaa alikata shimo lake na kuziba la jana peke yake. Mimi nilikuwa na grini zangu upande wa mto. Nilipopita na mkokoteni kulikuwa kumepambazuka, yuko magotini, kiganja kimelala juu ya kizibo, macho amefumba kama siku ile ya kwanza. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akainuka, akafuta chombo chake kwa kitambaa, akaondoka.

Kamau alipangwa katika kundi la jioni. Alicheza vizuri, si kwa maajabu, vizuri kama mtu anayebeba mayai. Mimi niliwekwa kwenye mchanga kando ya grini ya mwisho, na reki, na kazi yangu ilikuwa kusawazisha nyayo. Mfanyakazi haruhusiwi kukanyaga grini mchezo ukiendelea. Wapiga hesabu walikuwa wamekwisha kusema: Kamau akimaliza shimo hili kwa mapigo manne, anabaki. Akimaliza kwa matano, anakwenda nyumbani.

Kwa pigo la pili mpira wake ulifika grini ukapitiliza bendera, ukasimama nyuma. Wachezaji waliotangulia mchana kutwa walikuwa wamesimamisha mipira yao upande wa mbele. Yeye na yule mrefu wa Ulaya, aliyepangwa naye, ndio walioangukia nyuma. Alipousukuma kwa pigo la tatu kutoka mbali, ulisimama umbali wa mtu kulala na kunyoosha mikono kutoka shimoni. Pigo la nne, lililobaki, ndilo lilikuwa la Ijumaa. Na kati ya mpira na shimo, pale ambapo shimo la Alhamisi lilikuwa, kulikuwa na kizibo.

Jua lilikuwa limeshuka. Kutoka mchangani nilikokuwa, macho yangu yakiwa karibu usawa wa grini, nilikiona. Kilikuwa na kivuli upande mmoja, chembamba kama uzi.

Kamau alichuchumaa nyuma ya mpira, akatulia. Odush naye akainama juu ya bega lake.

"Boss, hiyo kitu imeinuka."

"Nimeiona."

"Si ubonyeze basi. Inakubalika. Refa ndiye huyo, kama unaogopa nimuite."

Inakubalika kweli. Kanuni inamruhusu mchezaji kusawazisha kizibo cha shimo la zamani, kwa kiatu, kwa kidole, kwa chochote, bila adhabu. Kila mchezaji anaijua kanuni hiyo.

 Kamau aliinua macho kuelekea kwenye kamba ya kuzuia watazamaji. Nikafuata macho yake. Mzee Gathogo alikuwa amesimama pale mbele ya watu, karibu na msimamizi wa uwanja, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Kamau," Odush akasema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Haki ya Mungu, bonyeza."

"Nitaupiga kwa nguvu kidogo. Utapita juu."

"Na kwa nini upite juu na unaweza..."

"Toka, Odush."

Odush akatoka. Kamau akasimama juu ya mpira, akapiga. Ulikwenda sawa, ukafika kwenye kizibo, ukaruka kiasi ambacho nadhani watu wawili tu waliokuwa nje ya grini, mzee na mimi, walikiona. Ukagusa mdomo wa shimo upande wa kushoto, ukauzunguka, ukatoka. Watu wakasema "aaah" kwa pamoja, ile sauti wanayotoa kwa mtu wasiyemjua. Akausukumia ndani kwa pigo la tano.

Ilibaki zamu ya yule mrefu wa Ulaya. Alikuja kwenye mstari wake, akaangalia chini, akaona kizibo. Akakikanyaga kwa soli ya kiatu, mara mbili, polepole, kama mtu anayezima sigara, akarudi nyuma, akapiga, mpira ukaingia.  Msimamizi hakugeuza kichwa. Mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Nilimtafuta Mzee Gathogo kwenye kamba, hakuwapo.

Niliwakuta yeye na Kamau nyuma ya banda, kwenye mapipa ya mafuta. Nilitaka kurudi nyuma lakini mzee alinionyesha kwa mkono nibaki. Kamau alikuwa bado amevaa kiatu cha kuchezea mguu mmoja.

"Uliiona?" mzee akamuuliza.

"Niliiona, Baba."

"Ulijua ni yangu."

"Nilijua."

"Kwa nini hukubonyeza?"

Kamau alikuwa anafungua kamba za kiatu cha pili. "Ulikuwa umesimama pale. Na bosi yuko kando yako."

Mzee alimtazama. Sijawahi kuona uso kama ule, na nimezika watu.

"Mimi nilikuwa nimesimama pale," akasema, "nikikungoja uibonyeze."

"Baba..."

"Nilijua tangu saa tatu. Nilirudi kuiangalia, watu wamejaa, siwezi kuingia. Nikasema, mtoto wangu ana macho, ataiona. Nikasimama mahali utaniona ndio ujue niko sawa. Nani alikuambia mimi nataka kuhurumiwa? Hiyo grini si yangu. Ni ya mpira!"

Kamau alisema pole. Mzee akasema pole ni yeye anayepaswa kusema, na kwamba haifai kitu. Kisha akakaa juu ya pipa akaanza kujipapasa vidole kimoja kimoja, kama anayetafuta kilichopotea.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa msimamizi akaeleza habari ya sukari. Hakurudi bandani. Alihamia kwenye shamba lake dogo Gatuanyaga, kwenye vumbi, akafuga mbuzi. Nilikuwa namtembelea kwa bodaboda, naye aliniuliza habari za grini moja moja kwa namba zake, kama mtu anayeulizia watoto wa ndugu. Ya mwisho hakuiuliza. Mguu ulikatwa, kisha wa pili ukaanza, kisha tukamzika. Kamau alimhudumia vizuri mpaka mwisho, akamwogesha na kumlisha. Kuhusu Ijumaa ile hawakuzungumza tena. Najua kwa sababu wote wawili, kwa nyakati tofauti, walinieleza kwamba mwenzake hapendi kuizungumzia.

Kamau alijaribu kufuzu mara moja nyingine, kinyume cha ahadi yake kwa mkewe, akashindwa mbali sana. Siku hizi ana duka la chakula cha mifugo Ruiru. Fimbo zake aliziuza kwa mwanafunzi wake.

Mimi nikaachiwa chombo cha mzee na grini zake zote. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi na sina la kujivunia isipokuwa kwamba nyasi zilikuwa hai. Mashine zinazotetemeka nazo hudai ujira wao mikononi. Mwaka huu viganja vyangu vilianza kufa ganzi, kwanza asubuhi, kisha mchana pia. Nililisoma jambo hilo katika vitabu vyangu, nikalielewa vizuri, na kulielewa hakukunirudishia kitu.

Ubingwa uliporudi kwetu nilichukua grini ya mwisho, kama ilivyo ada ya mkuu. Wengi wenu mlikuwapo. Nilikuwa nimeinuka kutoka magotini, kofia naivaa, msimamizi mpya yuko hapo na wageni wake, na Wambui, ambaye nilimfundisha mwenyewe, akaja na ndoo ya mchanga na chupa ya maji. Akaangalia chini.

"Pole, mzee," akasema. "Hii imebaki juu."

Akakibonyeza. Nikiwa hapo. Akapiga magoti, akakipapasa, akakibonyeza tena, akanyunyizia maji, akachukua ndoo yake akaenda grini nyingine. Wambui hakuikuta ile desturi kwa sababu mimi sikuipitisha. Nilikuwa nimeacha kuifuata tangu siku ya mapipa ya mafuta, ingawa sikuwahi kumweleza mtu sababu. Wiki iliyofuata niliomba kustaafu.

Baada ya kurudisha funguo nilikwenda Ruiru. Nilimkuta Kamau anapima chakula cha kuku.

"Anko! Ati umewacha kazi kweli? Na nani atakata hizo mashimo?"

"Wambui."

Nikamweleza Wambui alivyofanya. Mkono wake wenye kopo ukasimama juu ya mzani.

"Alibonyeza ukiwa hapo?"

"Nikiwa hapo. Na bosi, na wageni."

"Ukasikia aje?"

Nilitaka kumjibu sawasawa, kwa sababu niliona swali halikuwa la mazungumzo. "Uso uliwaka. Nilitaka ardhi inimeze. Halafu nikaona grini iko sawa, na wachezaji wanakuja. Ikapoa."

"Ikapoa tu?"

"Ikapoa, Kamau. Nilikunywa chai."

Alimalizia kujaza mfuko, akaufunga, akampa mteja aliyekuwa anangoja, akamrudishia chenji. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, muda mrefu.

"Ile siku Baba alisema alikuwa ananingoja nibonyeze," akasema, "mimi nilisema hiyo ni hasira. Nilijiambia, anasema hivyo juu ya vile nimeshindwa. Lakini ningebonyeza mbele ya bosi, ingemmaliza. Nimeamini hivyo mpaka leo." Aliangalia nje, barabarani. "Ilikuwa inanisaidia, anko."

 Mama mmoja aliingia akiuliza kama kuna pumba ya mahindi, Kamau akamwambia iko, akainama kuitoa. Nikavuta kigoda, nikakaa naye mpaka alipofunga duka.